Mgeni Asiye na Mwenyeji: Lugha na Kuaminiana katika Safari za Matatu Nchini Kenya

Utangulizi

Kila siku ya kazi, alfajiri na mapema, Wakenya wasiohesabika hutoka majumbani mwao na kuingia katika magari wasiyomjua mwenyewe, yanayoendeshwa na madereva wasiowajua, wakaketi bega kwa bega na watu ambao huenda wasionane nao tena maishani. Wengi wao ni watu ambao usiku hufunga milango kwa komeo na kufuli, na ambao hawawezi kumruhusu mtu baki kuingia sebuleni pasi na kumhoji. Hata hivyo, mtu yuyo huyo akiwa garini hupokea noti kutoka kwa aliyeketi nyuma yake, akaipitisha mbele kwa utingo, kisha akaipokea chenji na kuirejesha nyuma. Hahesabu pesa hizo wala hamgeuki mwenyewe kumtazama.

Makala haya yanadhamiria kulieleza jambo hilo. Swali la msingi ni hili: ni nini kinachomfanya mtu akubali kusafiri pamoja na watu asiowajua? Jibu jepesi ni kwamba hana budi. Asiye na gari lake atafanyaje, na kazini anangojewa? Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Ufukara unaeleza kwa nini mtu apande matatu. Haueleze kwa nini aingie katika gari hili na kuliacha lile, kwa nini usiku asite kuingia katika gari tupu, wala kwa nini akubali kushika nauli ya jirani yake lakini akatae biskuti ya jirani huyo huyo.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba msafiri hamwamini mgeni mmoja mmoja. Anachokiamini ni jamii ndogo ya wageni iliyomo garini, maadamu jamii hiyo ina kanuni na lugha ya pamoja na kwamba mtu wake mmoja akidhulumiwa wengine wanaweza kusema. Kwa hivyo, suala la usafiri wa umma, ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi, wanauchumi na polisi, ni suala la kiisimujamii pia.

Mgeni, abiria na mwenzi

Inafaa kuanza na maneno yenyewe. Katika Kiswahili, neno mgeni hubeba maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga: mtu aliyekuja kutembelea, anayestahili kukirimiwa, na mtu asiyejulikana, ambaye hajulikani ana jema au baya. Msemo usemao mgeni njoo, mwenyeji apone unaelemea maana ya kwanza. Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe inamwekea mgeni huyo mipaka. Methali zote mbili zinachukulia kwamba kuna mwenyeji: pana nyumba, pana mlango, na pana mtu mwenye wajibu wa kupokea na haki ya kuweka masharti.

Ndani ya matatu mwenyeji huyo hayupo. Mwenye gari yuko kwake. Dereva na utingo ni wafanyakazi wanaotafuta hesabu ya siku. Abiria wote, kuanzia aliyeketi karibu na dereva hadi aliyebanwa katika kiti cha nyuma, ni wageni wasio na mwenyeji. Adabu ya ukarimu, ambayo ndiyo chombo kikuu cha Waswahili na Waafrika wengi cha kumtuliza mgeni na kumdhibiti, haiwezi kutumika moja kwa moja mahali pasipo na mwenyeji. Lazima chombo kingine kitafutwe.

Msamiati wa safari unatoa fununu. Neno abiria lina uhusiano na kitenzi kuabiri, yaani kusafiri kwa chombo, ambacho asili yake ni Kiarabu na kinahusiana na kuvuka. Neno nauli nalo lilitumika kwa malipo ya chombo cha baharini kabla ya magari kufika katika nchi hizi. Lugha ya matatu, basi, ina mizizi majini. Ndani ya jahazi aliyepanda hawezi kuteremka katikati ya safari, na tufani likivuma halichagui nani ni nani. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba chombo hakiendi ikiwa kila mtu anapiga makasia yake. Abiria, kwa maana hii ya asili, ni mtu aliyekubali kwa muda kufungamanisha hatima yake na hatima ya watu wengine. Anapowageukia na kuwaita "wasafiri wenzangu", amekwisha kuhama kutoka neno mgeni hadi neno mwenzi.

Historia fupi ya kuaminiana barabarani

Matatu zilianza kama biashara isiyotambuliwa na sheria. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, magari makuukuu yaliwabeba watu wa mitaa na viunga vya Nairobi ambavyo mabasi rasmi hayakuvihudumia ipasavyo. Maelezo yanayokubalika zaidi kuhusu jina lenyewe ni kwamba nauli ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, zilizoitwa mapeni matatu. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila ya leseni iliyotakiwa kwa magari ya umma. Sheria ya kuzitambua na kuzisimamia ilipitishwa mwaka wa 1984.

Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi watu walipanda magari ambayo dola haikuyadhamini. Hapakuwa na leseni ya kutegemea wala sare ya kutambulisha. Walichokuwa nacho ni kujuana kwa njia na mitaa: gari la kwenda mahali fulani lilijaa watu wa kwenda mahali hapo, na aliyemtapeli mwenzake leo angekutana naye kituoni kesho. Kuaminiana kulitangulia sheria.

Dola ilipoingia kwa nguvu, ilijaribu kuyageuza mazoea hayo yawe maandishi. Kanuni zilizotangazwa mwaka wa 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo umma ulizibandika jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, ziliagiza mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, abiria wasiozidi idadi ya viti, na sare na beji kwa wahudumu. Picha ya dereva ilitakiwa kuonyeshwa garini. Kanuni hizo zililegea kadiri miaka ilivyopita, hata mnamo Novemba 2018 serikali ikalazimika kuanza upya kuzitekeleza.

Tukizitazama kanuni hizo kwa jicho la isimu, nyingi kati yake zinahusu ishara. Sare, beji, mstari wa manjano na picha ni maneno yasiyotamkwa yanayomwambia abiria: mtu huyu anajulikana mahali fulani, na ukidhulumiwa kuna pa kushtaki. Ni ishara zenye thamani. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kumtazama abiria akichagua gari anajua kwamba picha ya dereva si kitu cha kwanza anachokitafuta.

Gari lililojaa nusu

Anachokitafuta kwanza ni watu. Gari tupu halina mvuto. Mchana, abiria huliepuka kwa sababu litachelewa kuondoka. Usiku, huliepuka kwa sababu hofu imemwingia. Gari lenye watu watano au sita, kati yao mama mwenye mtoto, mzee mwenye kofia na mwanafunzi mwenye mkoba, limekwisha kujieleza. Kila aliyeketi ndani yake amempigia dereva kura, na abiria mpya huongeza ya kwake juu ya hizo.

Wapiga debe wanalijua jambo hili barabara. Katika vituo vingi kuna vijana ambao kazi yao ni kuketi garini wakijifanya abiria. Gari linapoonekana limekaribia kujaa, abiria wa kweli huingia kwa haraka. Kadiri wanavyoingia, abiria hao wa kukodiwa huteremka mmoja mmoja na kuhamia gari linalofuata. Huo ni ulaghai, na abiria wanaogundua wameketi nusu saa wakingojea wenzao bandia hukasirika kwa haki. Lakini ulaghai huo usingewezekana iwapo watu hawangekuwa wanawatumia wageni kama ushahidi. Hakuna anayeghushi kitu kisicho na thamani.

Wahalifu nao wanalijua. Kuna hila ya kale ya magari ya kibinafsi yanayosimama vituoni jioni, wakati matatu ni haba, na kutoa lifti kwa malipo. Ndani huwa mna watu wawili au watatu wanaoonekana kuwa wasafiri wa kawaida. Anayeingia kwa kuwategemea hao hugundua baadaye kwamba wote ni kundi moja. Hapa ndipo methali ya umdhaniaye ndiye siye inapowiana na hali. Ushahidi wa wageni una nguvu pale tu wageni hao wanapokuwa wageni kwao wenyewe pia, kila mmoja ametoka kwake na anakwenda kwake. Wakiwa wamekula njama, idadi yao haisaidii kitu. Inamdhuru yule mmoja aliyewategemea.

Ndiyo sababu abiria wazoefu huweka mipaka iliyo wazi ingawa haijaandikwa popote. Katika mabasi ya masafa marefu, watu wameonywa kwa miaka mingi wasipokee chakula wala kinywaji kutoka kwa wasiowajua, kwa kuhofia kuleweshwa dawa na kuibiwa. Jambo hili ni zito katika jamii ambazo kula mbele ya mtu bila kumkaribisha huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Msafiri amelazimika kuchagua. Anaipokea nauli ya jirani kwa sababu tendo hilo linafanyika mbele ya macho ya watu wote. Anaikataa biskuti kwa sababu kilichomo ndani yake hakionekani na mtu yeyote. Anachokipima ni iwapo kuna shahidi.

Nauli mikononi, undugu mdomoni

Kupitishana nauli kunastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ni tendo dogo lenye mafunzo mengi. Utingo husimama mlangoni na hawezi kulifikia kila kiti. Abiria wa nyuma humgusa wa mbele begani, akamnyoshea noti na kusema, "Nisaidie kupitisha." Noti hupita mikono mitatu au minne. Chenji hurudi kwa njia ile ile, huku utingo akitangaza ni ya nani: "Hiyo ni ya mama wa nyuma, dirishani." Tangazo hilo lina kazi. Linawafanya wote waliosikia kuwa mashahidi wa deni na wa malipo. Yule ambaye angeshawishika kudokoa shilingi ishirini anajua kwamba kiasi kimekwisha kutajwa hadharani. Malipo ya simu, yaliyoenea nchini tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, yamepunguza desturi hii katika magari mengi, na pamoja nayo imepungua ile nafasi ndogo ya wageni kutendeana wema usio na gharama.

Lugha inayotumika katika mabadilishano hayo ni ya undugu. Utingo hamwiti abiria kwa jina, maana halijui. Humwita mama, mzee, anti, anko, dada, au brathe. Katika miji ya Pwani utasikia pia kaka na bi mkubwa. Abiria nao huitana vivyo hivyo: "Mama, nishikie mtoto nikae," au "Mzee, pole, nipishe niteremke." Nadharia ya upole ya Brown na Levinson (1987) hutusaidia kuyaona maneno haya kwa undani. Kwa mujibu wa wataalamu hao, kila mtu ana uso, yaani heshima anayotaka itambuliwe na uhuru anaotaka usiingiliwe, na kila ombi ni tishio kwa uso huo. Ndani ya matatu vitisho ni vingi: mapaja yanagusana, mizigo inakanyagwa, usingizi unakatizwa. Neno la undugu hupunguza makali ya tishio kwa kumweka mgeni katika nafasi ambayo kila mtu anajua wajibu wake. Anayeitwa mama ana haki ya kupishwa, na pia ana wajibu wa kumshika mtoto wa mwenzake. Anayeitwa mzee huachiwa kiti kizuri, lakini vijana wakitukanana hutarajiwa kuwakanya.

Kwa njia hii, maneno ya undugu hufanya kazi ambayo nyumbani hufanywa na mwenyeji. Yanagawa nafasi, yanatoa ruhusa na kuweka mipaka. Mwanafunzi wa isimujamii amezoea kuitazama matatu kama kiwanda cha Sheng na ukuta wa maandishi ya vituko. Huo ni upande mmoja wa ukweli. Upande wa pili ni kwamba, chini ya muziki na makelele, matatu ni mahali ambapo adabu ya kale ya Kiswahili imevalishwa nguo mpya na kutumwa kazini kila siku. Hata onyo mashuhuri lililobandikwa katika magari mengi, abiria chunga mzigo wako, halimfukuzi mgeni. Linamkumbusha kila mmoja kwamba kuaminiana hakumwondolei mtu wajibu wa kujihadhari.

Kimya nacho ni sehemu ya lugha hii. Mwanasosholojia Erving Goffman alieleza mwaka wa 1963 jinsi watu wasiojuana mahali pa umma wanavyotazamana kidogo, kiasi cha kuonyesha kwamba wameonana, kisha wakaepusha macho ili wasibughudhiane. Abiria wa matatu hufanya hivyo hasa. Anayeketi husema "habari" kwa sauti ya chini au hutikisa kichwa, kisha hutazama dirishani. Kwa ishara hiyo amesema mambo mawili: nimekutambua, na sina haja na mambo yako.

Sauti ya abiria

Je, kimya hicho hakina madhara? Kina madhara makubwa dereva anapoendesha gari kwa kasi ya kutisha. Kila abiria huogopa, lakini kila mmoja hudhani ni yeye peke yake aliyeogopa, au hungoja mwingine aanze kusema. Gari zima hufika kaburini likiwa na adabu zake.

Tatizo hili ndilo lililochunguzwa na wanauchumi wawili, James Habyarimana na William Jack, katika jaribio lililofanyika nchini Kenya na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 2011. Zaidi ya matatu 2,000 za masafa marefu zilihusishwa. Katika baadhi ya magari, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, vilibandikwa vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Madai ya bima yaliyotokana na magari hayo yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili yakilinganishwa na magari yasiyobandikwa. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata, uliochapishwa mwaka wa 2015, ulionyesha upungufu wa kati ya robo na theluthi moja. Kibandiko hakikuongeza breki wala hakikupunguza mwendo chenyewe. Kilichobadilika ni kwamba kila abiria aliyekisoma alijua kuwa wenzake wamekisoma pia; aliyepaza sauti hakuwa tena mkorofi aliyevunja kimya, alikuwa mtu anayetekeleza jambo lililokubaliwa.

Kampeni iliyotokana na utafiti huo ilipewa jina Zusha. Uteuzi wa neno hilo unastahili kutafakariwa na wanaleksikografia. Katika Kiswahili sanifu, kuzusha ni kuanzisha jambo, mara nyingi lisilopendeza: fujo, fitina au uongo, ndipo tukapata mzushi na uzushi. Katika matumizi ya vijana wa mijini, neno hilo lilikuwa limekwisha kuelekea maana ya kulalamika kwa sauti. Kampeni ililichukua neno lenye sifa mbaya na kulifanya wajibu. Ni kana kwamba abiria aliambiwa: kuna wakati ambapo anayeleta zogo ndiye mwenye adabu kuliko wote.

Kuaminiana kunapovunjika na kunaposimama

Nguvu ya hoja hupimwa katika mambo mazito, na barabara za Kenya zimeshuhudia mazito. Mnamo Novemba 2014 picha za mwanamke akivuliwa nguo na kundi la wanaume katika kituo cha magari jijini Nairobi zilisambaa nchini. Tarehe 17 ya mwezi huo wanawake na watetezi wao waliandamana barabarani kupinga ukatili huo, na kabla ya mwaka kwisha Bunge lilipitisha sheria iliyoufanya uhalifu huo kuwa na kifungo kisichopungua miaka kumi. Tukio hilo ni onyo kwa yeyote anayedhani kwamba wingi wa watu pekee ni kinga. Watu walikuwepo, tena wengi. Lakini mwanamke huyo alikuwa amekwisha kuondolewa katika orodha ya dada na mama, akapewa majina mengine. Mahali ambapo maneno ya undugu yanaporwa, umati hugeuka kuwa hatari, na walio pembeni hugeuka watazamaji.

Mwezi huo huo, tarehe 22 Novemba 2014, magaidi walilisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria kwa misingi ya dini na kuwaua watu 28. Walioshindwa kuthibitisha Uislamu wao ndio waliouawa. Baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wa eneo la Kaskazini Mashariki walikataa kurejea kazini huko. Ni nani angewalaumu? Swali la kusafiri na wageni lilikuwa limegeuka kuwa swali la uhai.

Kisha, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilishambuliwa likielekea Mandera. Washambuliaji walitaka jambo lile lile: abiria wagawanywe, Waislamu upande huu na Wakristo upande ule. Safari hii abiria Waislamu walikataa kugawanywa. Waliwapa baadhi ya wanawake Wakristo mitandio wajifunike, na wakawaambia washambuliaji wawaue wote pamoja au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwao, alipigwa risasi, na mnamo Januari 2016 akafariki kutokana na majeraha hayo. Baadaye serikali ilimtunuku nishani ya heshima. Kisa hicho kilitengenezewa filamu fupi iitwayo Watu Wote (2017), ambayo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka wa 2018.

Yafaa kuliangalia tukio hili pamoja na yale madogo yaliyotangulia. Abiria wa basi lile wengi hawakuwa wakijuana. Walichokuwa nacho ni saa kadhaa za kuketi pamoja, na mazoea ya kuhesabiana kuwa wasafiri wenza. Washambuliaji walidai majina ya kutenganisha. Abiria walishikilia jina moja la kuwajumuisha. Haiwezekani kusema kwamba aliyezoea kupitisha nauli ya mwenzake yuko tayari kufa kwa ajili yake. Ila yawezekana kusema kwamba ushujaa wa siku ile ulitumia lugha ambayo abiria wa Kenya huitumia kila siku kwa mambo madogo: huyu yuko nasi, garini humu.

Jina bila shahidi

Tangu Januari 2015, Uber ilipoanza kazi Nairobi, na baada yake kampuni nyingine za namna hiyo, wakazi wa miji wamepata njia mpya ya kupanda gari la mtu wasiyemjua. Programu ya simu humwonyesha abiria jina la dereva, picha yake, nambari ya gari na alama alizopewa na abiria waliotangulia. Ni mwendelezo wa wazo la kanuni za 2004, kwa namba na nyota badala ya beji. Huko Ufaransa, kampuni ya BlaBlaCar, iliyoanzishwa mwaka wa 2006 kuwaunganisha wenye magari na wasafiri wa masafa marefu, ilichukua jina lake kutokana na maongezi: kila mtumiaji alitakiwa kusema iwapo yeye ni mtu wa kuongea kidogo, kiasi, au sana. Hata mahali ambapo mashine huwatambulisha wageni, bado ilionekana kwamba msafiri anataka kujua jirani yake atasemaje.

Tofauti kati ya njia hizi mbili ni ya msingi. Programu humpa abiria jina bila shahidi: anamjua dereva kwa jina, lakini wako wawili tu garini. Matatu humpa mashahidi bila majina. Ndiyo maana abiria wengi wa teksi, hasa wanawake usiku, humtumia ndugu au rafiki nambari ya gari kabla ya kuondoka. Wanamleta shahidi kwa njia ya simu, kwa kuwa wanajua kwamba jina peke yake halitoshi.

Janga la korona lilithibitisha jambo hili kwa njia ya kinyume. Kuanzia Machi 2020 matatu za abiria 14 ziliamriwa kubeba wanane tu, na hali hiyo iliendelea hadi Agosti 2021. Pumzi ya jirani ikawa tishio, na kikohozi kikatazamwa kama kisu. Hata hivyo watu hawakuacha kusafiri pamoja. Walibuni kanuni mpya kwa siku chache: barakoa, dawa ya mikono mlangoni, dirisha lililofunguliwa. Aliyesahau barakoa alikumbushwa na abiria wenzake kabla ya askari kumfikia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utayari wa watu kusafiri na wasiowajua haujengwi juu ya wema wa mgeni, kwa kuwa wema huo hauonekani usoni. Unajengwa juu ya mambo matatu: kuwepo kwa watu wengine wasiokula njama, kanuni ambazo kila mmoja anajua wenzake wanazijua, na lugha inayomtoa mtu katika ugeni na kumwingiza katika uwenza. Mojawapo likikosekana, hayo mengine hudhoofika. Umati usio na lugha ya undugu unaweza kuwa kundi la wanyama, na lugha tamu vinywani mwa watu waliopanga njama ni mtego.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, hapa pana shamba lisilolimwa vya kutosha. Maneno ya wito garini, namna ya kuomba na kukataa, mabadiliko ya maana ya vitenzi kama kuzusha, na tofauti za adabu kati ya matatu za bara na za Pwani yanangojea uchunguzi wa kina. Pia kuna funzo la kiutendaji. Wanaotunga kanuni za barabara hutumia fedha nyingi kwa vyuma na kamera, na wana sababu zao. Lakini chombo chenye gharama ndogo zaidi cha usalama kimo garini tayari, nacho ni abiria aliye tayari kusema, na wenzake walio tayari kumuunga mkono. Abiria huyo anapaswa kujua kwamba akisema, "Dereva, punguza mwendo, tuna watoto humu," hatazungumza peke yake.